Kutoka Malindi hadi Jambiani: Pwani Inayojua Kupokea

Wageni wengi wanaoshuka boti ya Dar es Salaam katika bandari ya Malindi, Unguja, huingia garini papo hapo, wakapelekwa moja kwa moja pwani ya mashariki, Malindi wasiione. Nasikitika kila nikiwaona wakipita. Safari ya saa mbili imewafikisha kwenye mlango ambao Unguja imeupitishia karibu kila ilicho nacho, nao hawaugeukii hata kwa jicho moja. Naishi Malindi, na mtu akiniomba nimpeleke shamba, nampitisha kwanza kwetu.

Saa ya kuanzia ni alfajiri, na pahala ni diko, wanakoshushia samaki. Mashua za dagaa zinarudi wakati huo baada ya kukesha nje na taa zao, maana dagaa hufuata mwanga usiku wa kiza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kulala majumbani. Jengo la sasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani, limewapa nafasi na usafi ambao diko la zamani halikuwa nao, lakini mnada wenyewe haujabadilika. Dalali anasimama juu ya mafungu ya changu, pono, tasi na chewa, nguru na jodari wamelazwa pembeni, na bei inapanda kwa maneno mafupi na kwa kuinua nyusi. Akishinda mchuuzi wa baiskeli, samaki yule atakuwa Jang'ombe au Mwanakwerekwe kabla jua halijakaa vizuri. Akishinda mnunuzi wa hoteli, samaki atashika barabara ileile tutakayoishika sisi, mpaka Paje na Jambiani. Dagaa nao watachemshwa, waanikwe, watiwe magunia, na wengi wao watakwenda kuliwa Kongo.

Ukitoka diko, nyuma yako kuna msikiti wa Malindi na mnara wake wa umbo la koni, aina iliyo adimu katika Afrika Mashariki nzima. Mbele, kwenye barabara ya Mizingani, limesimama jumba la zahanati ya zamani, lile lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Hatua chache tena na uko katika vichochoro vya mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Vichochoro vya Malindi vimelea pia muziki. Taarabu ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, imepigwa na kufundishwa huku kizazi baada ya kizazi, kwa ala zilizotoka Misri, Uarabuni na Ulaya, na maneno yaliyotoka vinywani mwa watu wa hapa.

Hilo la ala za mbali na maneno ya hapa ndilo ninalotaka mgeni alibebe anapoondoka mjini. Tazama karafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali kabisa ya nchi ambayo leo inaitwa Indonesia. Ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Kabla karne haijamalizika Zanzibar ilikuwa inailisha karibu dunia nzima karafuu, kwa jasho na mateso ya watumwa, jambo ambalo hakuna mwandishi wa haki anayeweza kulipita kimya. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Na Indonesia, ilikotoka mbegu, ikawa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, kwa sababu watu wake huivuta karafuu ndani ya sigara. Mbegu ilikuja kwetu, mavuno yakarudi kwao. Bahari hii imefanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu za vitabu.

Tushike njia. Gari ya abiria namba 309 ndiyo inayokwenda Jambiani, na 310 inakwenda Makunduchi. Wenye haraka huchukua teksi, lakini ningependa mgeni mmoja mmoja apande daladala, akae baina ya mama mwenye kapu la mboga na mwanafunzi wa skuli, asikie habari za njiani. Kilomita ni hamsini na kitu. Mwanakwerekwe ukiipita, mji unaanza kulegea. Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kuna mashamba na majengo mapya yanayogombea nafasi. Bungi utapita chini ya miembe mikubwa iliyopangwa safu mbili, inayohusishwa na Bi Khole, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye jumba lake limebaki magofu karibu na pwani. Kisha njia inachepuka kwenda Unguja Ukuu.

Msafiri mwenye nafasi na achepuke. Hakuna mnara wala jumba la kupiga picha. Ni kijiji cha wavuvi juu ya mji uliokuwa bandari kubwa baina ya karne ya 6 na ya 10. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta humo vyombo vya udongo na vya vioo vilivyotoka Uajemi na mbali zaidi, na wamekuta pia mbegu zilizoungua za mpunga na choroko, mazao ya Asia, katika majivu ya meko za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wali na mchuzi wa choroko tunaoula leo bila kuuliza umetoka wapi, mazao yake yalikuwa yameshafika hapa kabla mji wa Zanzibar haujawa mji.

Ukirudi njia kuu, mbele unaingia Jozani. Msitu huu pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, kilomita za mraba 50 za miti mikubwa, mikoko na vichaka vya maweni, na mwaka 2016 UNESCO iliutambua kuwa hifadhi ya baiosfia. Mwenyeji wake mashuhuri ni kima punju, mwekundu mgongoni, mweupe tumboni, ambaye asili yake ni kisiwa hiki peke yake. Amezoea watu hata anakaa juu ya tawi la karibu akakutazama unavyomtazama. Kima hawa hula mkaa. Watafiti wameeleza kuwa mkaa unapunguza sumu ya majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda, na mtoto wa kima hujifunza kwa mama yake. Ng'ambo ya barabara, watu wa kijiji cha Pete wametengeneza njia ya mbao ndani ya mikoko, na sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi vijijini. Nimeona hifadhi nyingine ambazo mwanakijiji ni mgeni ndani ya msitu wa babu zake. Pete si hivyo.

Kitogani njia inagawanyika. Kulia ni Kizimkazi, na kushoto ni Paje. Kuanzia hapa udongo mwekundu umekwisha, umebaki mwamba wa matumbawe ya zamani na vichaka, na mkulima anayepanda muhogo au kunde anatafuta vishimo vyenye udongo baina ya mawe, kimoja kimoja. Watu wa mashariki na kusini wamelelewa na ardhi hii ngumu. Ndiyo maana shamba lao kubwa wamelihamishia baharini.

Paje ina upepo. Kusi inapovuma katikati ya mwaka, na kaskazi inapochukua zamu kuanzia Disemba, anga inajaa tiara za rangi za vijana wanaoteleza juu ya maji, waliotoka Ulaya, Afrika Kusini na mjini kwetu. Pamejengeka sana, na panaendelea kujengeka. Mimi huendelea na safari, kilomita chache tena kusini, mpaka Jambiani.

Jambiani ni kijiji kirefu chembamba kilichojinyoosha kandokando ya pwani nyeupe, Kikadini, Kibigija, mpaka Mfumbwi, nyumba za mawe ya matumbawe zikiwa zimechanganyika na nyumba za wageni. Uzuri wake wa kwanza ni huo mchanganyiko. Kuna pwani za kisiwa hiki ambako ukuta wa hoteli umefuatana na ukuta wa hoteli, na mtoto wa kijiji anazunguka mbali kuifikia bahari. Jambiani bado kichochoro kinatoka msikitini, kinapita uwani kwa watu, kuku wanakimbia, kinakufikisha ufukweni. Mgeni aliyelala hapo anaamshwa na adhana na sauti za watoto wanaokwenda chuoni na skuli. Akitoka nje atakutana na bibi aliyekaa juu ya mchanga akiponda makumbi, na adabu inataka aanze yeye. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, umeamkaje? Basi, umeshakuwa mgeni wa mtu.

Makumbi yale yana kazi yake. Hufukiwa ufukweni, yakakandamizwa mawe, yakalowana na maji ya bahari kwa miezi kadhaa mpaka nyama yote ya kumbi imeoza na nyuzi zimebaki safi. Halafu hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, usumba huanikwa, na kamba husokotwa juu ya paja kwa kiganja. Kamba ya usumba haiogopi maji ya chumvi; ndiyo iliyofunga majahazi tangu zamani, na ndiyo inayofunga makuti ya nyumba hizi za wageni leo. Na mnazi wenyewe? Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kuwa minazi ya Madagaska na ya pwani yetu imechanganyika damu na minazi ya upande wa Pasifiki, iliyoletwa na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, wale waliofika Madagaska na kuifanya nchi yao. Tazama pia ngalawa zilizolala juu ya mchanga, na matengo yake mawili yaliyonyooka huku na huku kuishika isipinduke. Ukienda vijiji vya wavuvi vya Bali au Sulawesi utakuta ndugu zake. Wataalamu wa vyombo vya bahari wanauona udugu huo kuwa wa kweli, na mtu wa Jambiani anayeisukuma majini kila siku ameshaifanya ngalawa kuwa yake kwa miaka isiyohesabika.

Subiri maji yatoke. Mwamba unaolinda pwani hii uko mbali, na baina yake na mchanga kuna bahari ya kina kifupi ambayo katika siku za bamvua hukauka karibu yote. Hapo ndipo Jambiani inapofunguka. Wanaume wanabaki na vyombo vyao nje ya mwamba. Pwani yote ya ndani ni ya wanawake. Wengine wanakwenda kuchokoa pweza na chaza. Wengine, mamia kwa wingi wao, wanakwenda shambani kwao: safu za vigingi vilivyosimikwa mchangani, kamba zimefungwa baina yake, na juu ya kila kamba mashada ya mwani yaliyofungwa kwa vikamba vidogo vinavyoitwa taitai. Kutoka juu, maji yakiwa yamejaa, mashamba yale yanaonekana vipande vya kijani na hudhurungi chini ya maji ya feruzi. Lakini nenda kwa miguu. Vaa viatu, maana kuna viumbe wa baharini wenye miiba, uliza kabla ya kupiga picha, na usikanyage kamba za watu.

Kilimo hiki nacho kilikuja. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyechunguza mwani wa pwani za Tanzania miaka ya sabini na themanini na kushawishi kwamba unaweza kulimwa. Mwaka 1989 mbegu ililetwa kutoka Ufilipino, na vijiji vya kwanza kuipanda kwa biashara vilikuwa Paje na Jambiani. Aina ni mbili, spinosamu na kotonii. Baada ya wiki sita hivi mwani umeshakomaa, huvunwa, huanikwa, hupelekwa nje ya nchi, na ndani yake hutolewa karajinani, ule utomvu unaoshikisha dawa ya meno, aiskrimu, mafuta ya kujipaka na mamia ya vitu vingine ambavyo watu wa miji mikubwa wanavitumia kila siku bila kujua jina la Jambiani. Indonesia ndiyo inayoongoza ulimwenguni kwa mwani wa aina hii. Zanzibar ndiyo inayoongoza Afrika. Kwa mara ya pili kisiwa hiki na visiwa vile vikakutana sokoni.

Mwani uliwapa wanawake wa mashariki fedha ambazo hazikupitia mkononi mwa mtu mwingine. Walijenga nyumba za mawe, wakalipa ada za skuli, wakanunua vitanda na makabati, wakawa na neno katika mambo ya nyumbani. Kisha bahari ikaanza kupata joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji haya ya kina kifupi. Inapauka, inalainika, inakatika. Spinosamu ni ngumu zaidi lakini bei yake ni ndogo, na mwanamke aliyeinama saa nyingi majini anastahili zaidi ya anachopata. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa Mizingani, jirani na Malindi kwetu, alifanya kazi pamoja na wakulima kutafuta njia mbili za kutokea. Njia ya kwanza ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina zaidi na ya baridi, ndani ya nyavu za mfano wa mirija ili mawimbi yasiukate. Njia ya pili ni kutouza mwani mkavu peke yake. Leo Paje na vijiji jirani wanasaga mwani, wanafanya sabuni, mafuta na vyakula, na sabuni ya mwani yenye mchaichai au karafuu huenda na mgeni mpaka kwao. Thamani ya kipande kimoja inazidi ya kilo nzima ya mwani unaoondoka ndani ya gunia.

Jambiani wameongeza na sponji. Mradi ulioanzishwa na shirika la marinecultures ulifundisha baadhi ya wanawake, wengi wao waliowahi kulima mwani, kukuza sponji za baharini juu ya kamba katika maji yaleyale. Sponji hutaka subira, zinasafishwa moja moja, na zinapokuwa tayari huuzwa kwa bei ambayo mwani haujawahi kuifikia. Mwenye kuzuru anaweza kupelekwa kuziona. Yafaa aende, na yafaa anunue.

Magharibi ya kijiji, ndani ya vichaka vya maweni, kuna mapango. Pango la Kuumbi ndilo lililowashughulisha wanasayansi, akiwemo Profesa Felix Chami. Ndani yake wamekuta zana za watu waliokaa humo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa chini na Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na pamoja na zana hizo mifupa ya pundamilia. Pundamilia, Jambiani! Kisha maji yakapanda, ikawa kisiwa. Wenyeji wana heshima zao kwa pango hilo. Nenda na mtu wa kijiji, uongee polepole.

Chakula sitakieleza sana kwa sababu kitajieleza chenyewe. Omba pweza wa nazi kwa wali, au changu wa kupaka na mkate wa ajemi, umwambie mpishi mapema, asubuhi ikiwezekana, kwa kuwa atakwenda kununua kilichovuliwa siku ile. Wakati wa Ramadhani kula kwako mchana kuwe ndani. Ukitembea kijijini funika mabega na magoti. Ufukweni mbele ya nyumba ya wageni una uhuru wako, vichochoroni una adabu ya mwenyeji. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na bei za vyumba hushuka.

Kutoka Jambiani lami inaendelea hadi Makunduchi. Nakuomba uje Julai, kwenye Mwaka Kogwa. Ni mwaka mpya wa hesabu ya Nairuzi, uliokuja na mapokeo ya Kishirazi ng'ambo ya bahari, na hakuna pahala unaposherehekewa kama hapa. Wanaume wa upande mmoja wa mji na wa upande mwingine hupigana kwa migomba mpaka wachoke, na ugomvi wote wa mwaka uliopita huishia uwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake, wamevaa nguo zao bora, huzunguka wakiimba, na hawamwachi mtu bila kumtaja. Siku hiyo ni kasoro kwa nyumba ya Makunduchi kukaa bila mgeni, kwa hiyo mtu usiyemjua atakushika mkono akupeleke kula kwake, na kukataa ni kumnyima baraka. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makunduchi wanalisema kwa sahani.

Upande wa pili wa ncha ya kusini ni Kizimkazi. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, miongoni mwa maandishi ya Kiislamu yenye tarehe ya kale zaidi yanayojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, paa sasa ni la bati, na kwa nje utaupita ukidhani ni msikiti wowote wa kijiji. Ingia, kwa udhu na ruhusa, utazame kibla. Kizimkazi ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan, na tamasha la kila mwaka limeleta barabara na macho ya taifa. Bahari yake imo ndani ya hifadhi ya ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, na pomboo huogelea karibu na ufuko. Mwambie nahodha mapema kwamba hutaki kuwafukuza. Pomboo asiyekimbizwa huja mwenyewe. Wavuvi wa huko pia wamekubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, na siku ya kufungua kijiji kizima hushuka pwani.

Sasa niseme na mwenye mtaji, kwa sababu najua anasoma. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 630,000, na mwaka uliofuata walipita 700,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 1.9 hivi. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi imeufanya uchumi wa buluu kuwa ajenda yake tangu 2020. Mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, iliyoundwa mwaka 2004, ndiyo inayosajili miradi, na Sheria ya Uwekezaji ya 2023 ndiyo inayotoa masharti na misamaha. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya sheria ya mwaka 1992. Mgeni hakodishwi na mtu binafsi kwa karatasi ya mkononi, hukodishwa na serikali. Na juu ya ardhi ile minazi ina wenyewe, mti kwa mti, na kila mti hulipwa. Anayekuambia mambo haya yanaweza kumalizwa haraka barazani kwake, muage.

Hoteli kubwa nyingine Jambiani haiihitaji, hilo ni oni langu na nalisema wazi. Watafiti walipopima pwani hii ya mashariki miaka ya mwanzo ya utalii wake, walikuta mgeni mmoja anatumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, na mwenyeji lita 48, na maji yote yanatoka katika mwamba mmoja. Jiwe la matumbawe linavuja. Kinachomwagwa shimoni bila kusafishwa hufika kisimani na hufika kwenye mashamba ya mwani, na ukiyavuta maji kupita kiasi chumvi hupanda. Mwenye kujenga nyumba ya vyumba vichache, akavuna maji ya mvua ya masika na vuli juu ya paa lake, akasafisha maji machafu na kuyarudisha bustanini, atakuwa amejenga kitu kitakachodumu na majirani watakaomlinda.

Lakini fedha yenye kazi zaidi ni ile itakayoingia majini. Wanawake wanaotaka kulima kotonii kwenye kina kirefu wanahitaji boti, nanga, maboya na nyavu, na wanahitaji kufundishwa kuogelea, maana wengi wamefanya kazi baharini umri wote bila kuijua elimu hiyo. Wanahitaji maghala makavu ya kuanikia wakati wa masika, mashine za kusaga, maabara ya kuthibitisha ubora, na mnunuzi anayesaini mkataba wa bei kabla ya kupanda. Wavuvi wanahitaji barafu karibu, si ya kufuatwa mjini. Vijana waliosomea utalii wanahitaji kupandishwa wawe mameneja, na si kubaki kubeba mizigo. Kila kimoja katika hivi kina soko tayari, kwa kuwa hoteli za Paje hununua mboga, sabuni na samaki kila siku iendayo kwa Mungu, na vingi katika hivyo bado vinatoka mbali.

Ukifika, hodi ya kwanza ni kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini. Eleza umetoka wapi na unataka nini, naye atakuitia wazee, na kama ni mwenye busara atawaita pia wakuu wa vikundi vya wanawake wa mwani. Kikao kitakuwa baada ya sala ya alasiri, isipokuwa siku za bamvua, maana siku hizo kina mama wako majini na hakuna atakayetoka kuja kukusikiliza mpaka maji yajae. Panga safari yako kwa kalenda ya mwezi. Yule mwekezaji aliyeuliza kwanza maji yanatoka saa ngapi, ndiye watakayemkalia.